Kazi kwa kaunti, mfuko kwa Hazina

Kila ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa Kenya inapotoka, magavana wa kaunti huanikwa upya: wafanyakazi hewa, zabuni za jamaa, zahanati iliyojengwa ikafika kwenye lenta ikaachwa. Hayo yapo, na magavana kadhaa wamefikishwa kortini kwa ajili yake. Lakini wengi huruka kutoka hapo hadi kudai kwamba ugatuzi wenyewe, yaani kuzigawia kaunti madaraka, ndio ugonjwa, na hapo ndipo ninapoachana nao.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liligawa kazi waziwazi kuliko wengi wanavyodhani. Serikali ya kitaifa ilibaki na ulinzi, polisi, shule, sera ya afya na hospitali za kitaifa za rufaa. Kaunti 47 zikabeba hospitali nyingine za umma na zahanati, kilimo, chekechea, masoko, maji na barabara za kaunti. Mizozo ipo, hasa ya barabara, ila si hiyo inayoziumiza kaunti zaidi.

Kinachoziumiza ni fedha. Kifungu cha 209 kiliiachia serikali ya kitaifa peke yake kodi ya mapato, kodi ya ongezeko la thamani (VAT), ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa. Kaunti zikapata kodi za ardhi na majengo, kodi ya burudani na ada za huduma. Muuguzi wa Lodwar, kule Turkana, ameajiriwa na kaunti, mshahara ukichelewa humlaumu gavana, na huenda wakati huo pesa zenyewe bado ziko Nairobi. Kifungu cha 219 kinataka mgao wa kaunti kutoka mapato ya taifa utumwe bila kucheleweshwa isivyofaa na bila kukatwa. Magavana hukinukuu karibu kila mwaka.

Halafu kuna ile asilimia 15 ya mapato ya taifa, kiwango cha chini ambacho Katiba inazihakikishia kaunti. Mtetezi wa Hazina, yaani wizara ya fedha, atakwambia kaunti zimewahi kupata zaidi ya mara mbili ya hapo. Katika mwaka wa fedha wa 2018/19 zilitengewa shilingi bilioni 314, na ikatangazwa kuwa hiyo ni zaidi ya asilimia 33. Asilimia 33 ya nini? Katiba inasema hesabu ifanywe kwa mapato ya karibuni yaliyokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Mwaka huo hesabu "za karibuni" zilikuwa za 2013/14, takriban bilioni 936. Mamlaka ya Ushuru, KRA, ilikusanya takriban trilioni 1.58 katika 2018/19 yenyewe. Pima bilioni 314 kwa kipimo hicho na theluthi inashuka hadi asilimia 20. Kweli, makusanyo ya KRA yana fedha zinazokusanywa kwa niaba ya mashirika mengine, kwa hiyo vipimo hivi havilingani kabisa. Lakini pengo lote hilo haliwezi kufunikwa na tofauti hiyo. Wanaochelewa kuidhinisha hesabu ni wabunge, na kadiri wanavyochelewa ndivyo kaunti zinavyoonekana kunenepa.

Serikali ya kitaifa ina hoja, tena nzito. Inalipa walimu, polisi na deni la taifa, na Kifungu cha 203 chenyewe kinataka deni hilo lizingatiwe wakati wa kugawa. Kaunti nyingi nazo zinatumia kwenye mishahara zaidi ya asilimia 35 ya mapato yao, kinyume cha kanuni, na hukusanya kodi zao wenyewe kwa ulegevu. Zaidi ya yote, sheria ya mgao wa mapato husema makusanyo yakipungua kuliko ilivyotarajiwa, upungufu ubebwe na serikali ya kitaifa. Anayebeba hatari ana haki ya kushika mfuko.

Ningeikubali hoja hiyo kama isingekuwa 2024. Kaunti zilikuwa zimetengewa bilioni 400.1 kwa sheria iliyokwisha tiwa sahihi. Mswada wa Fedha, uliokuwa na kodi mpya, ulipoondolewa baada ya maandamano ya Juni, Hazina haikuubeba upungufu. Ilirudi bungeni kuibadilisha sheria ili mgao ushuke hadi bilioni 380. Seneti, bunge linalowakilisha kaunti, ikakataa, upatanishi ukaburuzwa, na mwishoni mwa mwaka wakakutana kwenye bilioni 387.4, mwaka wa fedha ukiwa umeanza tangu Julai mosi. Wenye kumbukumbu ya majimbo ya 1963, serikali za mikoa za katiba ya uhuru, wanajua yalivyonyimwa fedha na mamlaka kabla ya kufutwa.

Dawa ya hesabu kuukuu haihitaji kura ya maoni, maana imo tayari katika Kifungu cha 229. Mkaguzi Mkuu ana miezi sita baada ya mwaka wa fedha kutoa ripoti, na Bunge lina mitatu ya kuijadili na kuchukua hatua. Kwa ratiba hiyo, hesabu za 2015/16 zingekuwa mezani kufikia mwisho wa Machi 2017, na mgao wa 2018/19 usingekuwa na sababu ya kupimwa kwa mapato ya 2013/14.