Gasketi ya Harusi

Baba mkwe wangu ana Peugeot 404 ya mwaka 1967. Ukimkuta kibarazani usiitaje, labda uwe na saa nzima ya kupoteza. Atakuanzia na Safari Rally: 404 ilishinda 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968, na hizo mbili za katikati dereva alikuwa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania. Humtaja kana kwamba walikaa dawati moja.

Gari yenyewe, kipindi hicho, isingeshinda mkokoteni. Maji yalikuwa yanaingia kwenye oili. Ukichomoa kijiti cha kupimia kinatoka na kitu cha rangi ya chai ya maziwa. Tukashusha injini kwa fundi mmoja wa Gerezani, Dar es Salaam.

Kwa haki kabisa, kazi kubwa aliifanya vizuri. Laina za 404, yaani mikono ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, hukaa ndani ya maji, hazikushindiliwa kwenye bloku. Kila moja inakalia gasketi yake nyembamba ya kuzuia uvujaji huku chini, na huku juu inatakiwa ichomoze kidogo sana kupita uso wa bloku, ili hedi, mfuniko wa juu wa injini, ikifungwa iikandamize. Zikipishana, hedi inakaa upande. Zikizama, maji yanateremka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Fundi alipima kwa fila geji, vile vibapa vya kupimia nafasi ndogo, akabadilisha gasketi za chini, akapima tena, akatufukuza tusimpumulie. Hedi gasketi akaiweka kavu. Mzee alipouliza mbona hapaki gamu, akajibiwa, "Mzee wangu, gamu ni ya viatu." Bolti akazikaza kwa awamu, akianzia katikati kwenda pembeni, kwa spana ya kupimia nguvu aliyoiazima kwa jirani akiacha simu yake rehani.

Ikabaki pampu ya maji.

Seti ya gasketi tuliyonunua ilikuwa na kila kitu, hadi vidude ambavyo fundi hakujua ni vya gari gani, isipokuwa gasketi ya pampu. Ilikuwa Jumamosi alasiri, maduka yanafungwa, na saa 1 usiku tunatakiwa ukumbini Sinza kwenye harusi ya mtoto wa jirani. Mzee alishaapa: anaingia na 404 au haendi. Fundi akasema tusiwe na presha, ataichonga mwenyewe. Mimi nikatoka kutafuta maji ya kunywa.

Kuchonga gasketi ni jambo la kawaida. Unalaza karatasi ngumu juu ya chuma, unagongagonga kwa kichwa cha mviringo cha nyundo ukifuata kingo na matundu ya bolti, karatasi inakatika kwa umbo lile lile. Ikiwa ni karatasi ya kazi hiyo, inatulia miaka.

Niliporudi fundi alikuwa anamalizia kukaza pampu huku anapiga mluzi. Chini, kwenye gazeti lenye grisi, kulikuwa na vipande vya karatasi nene ya rangi ya krimu, yenye nakshi za dhahabu. Nikaokota kimoja. Kiliandikwa "wanayo furaha kuk".

"Fundi, hii umeitoa wapi?"

"Kwenye dashibodi, bosi. Manila kali sana hii, siku hizi huipati."

Kweli huipati. Ilikuwa kadi yetu ya dabo, ya kuingilia watu wawili, mchango shilingi 200,000, na harusi za Dar es Salaam bila kadi hata mjomba wa bwana harusi ataitazama kwenye simu akiwa getini. Nikampigia mke wangu. Aliyoyasema hayaandikiki.

Tukawasha. Injini ikaitika mara moja, ikatulia, Mzee akageuka pembeni kufuta macho. Halafu pampu ikaanza kudondosha maji. Fundi akamulika na tochi, akakaa kimya. Kadi ilikuwa na maandishi ya kujitokeza, na gasketi haitaki milima na mabonde. Maji yamepata njia kati ya herufi.

"Yanatokea kwenye jina la bwana harusi," akatangaza. "Bibi harusi amekaza."

Muda wa kufungua tena haukuwepo. Tukaondoka na madumu ya maji, fundi nyuma na ovaroli lake, tukisimama njiani kuongeza.

Getini palikuwa na kijana wa kamati, suti ya bluu, anachana kona ya kila kadi. Mzee akatoa yake ya singo kwenye koti, ikachanwa. Zamu ikafika kwetu.

"Kadi ipo kwenye injini," nikasema.

Mke wangu, na kitenge chake cha sare, akatazama juu kana kwamba hanijui. Boneti ikafunguliwa. Bahati fundi hakupunguza ziada: kando ya pampu ilikuwa imechomoza kona yenye nakshi, na neno DABO linasomeka vizuri kabisa, limelowa. Kijana akainama, akasoma, akaridhika. Kisha kwa mazoea akapeleka mkono aichane.

"Usivute!" fundi akapiga ukelele. "Utatumwagia maji yote!"

Kijana akarudi nyuma, akafikiri, akatoa kalamu, akaweka tiki pale pale kwenye pampu huku anapuliza vidole.

"Na huyu wa ovaroli?"

"Mimi?" fundi akasema, tayari ameshapita mlangoni. "Mimi ndiye niliyechonga kadi."