Picha ambayo mgombea hakuilipia

Msimu wa kampeni ukiingia, nchi hujaa nyuso. Zimo kwenye mabango ya barabarani, kwenye fulana na kofia za kugawiwa bure, kwenye kanga za kina mama wa chama, kwenye migongo ya bajaji. Kila uso umepita kwa mpiga picha, ukapita kwa kamati ya kampeni, makunyanzi yakafutwa na macho yakaelekezwa mbali. Kati ya nyuso zote hizo, katuni ya gazetini ndiyo picha pekee ya mgombea ambayo mwenyewe hakuilipia wala hakuikagua kabla haijatoka. Thamani yake iko hapo, na ugomvi wake pia unaanzia hapo.

Wanaotaka katuni zidhibitiwe wakati wa uchaguzi wana hoja ambayo watetezi wa uhuru wa habari huipita haraka mno. Wanasema makala ya maneno 1,000 husomwa na wachache, lakini mchoro huonwa na kila anayepita kwenye meza ya muuza magazeti, hata asiyejua kusoma. Mchoro hauna nafasi ya kueleza upande wa pili. Hauombi ushahidi. Na katika nchi ambazo kura imewahi kumwaga damu, wanasema, mchoraji hawezi kujificha nyuma ya kicheko.

Nguvu ya picha kwenye sanduku la kura si ya kukisia. Mwaka 1965 Tanzania ilipofanya uchaguzi wake wa kwanza wa chama kimoja, karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili wa TANU, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine ya nyumba, ili mpiga kura asiyesoma asikwame. Wagombea wengi waliliona jembe kuwa ni bahati, kwa kuwa taifa lilikuwa la wakulima. Miaka 40 baadaye, Novemba 21, 2005, Wakenya walipiga kura ya maoni kuhusu rasimu ya katiba: ndizi kwa Ndiyo, chungwa kwa Hapana. Matunda yakashikwa juu mikutanoni, yakaimbiwa nyimbo, yakachorwa yakipigana kwenye kurasa za magazeti. Chungwa lilishinda, na alama iliyotolewa na tume kwa ajili ya siku moja tu ikazaa chama kizima, ODM, yaani Orange Democratic Movement, chama cha chungwa. Chama hicho ndicho kilichokuwa upande mmoja wa uchaguzi wa Desemba 2007, ule uliofuatwa na vifo vya zaidi ya watu 1,100. Sisemi chungwa liliua mtu. Nasema kwamba anayedai picha hubeba hisia za watu wengi kwa mkupuo mmoja ana historia upande wake.

Tena ana Rwanda. Gazeti la Kangura la Hassan Ngeze lilitumia vibonzo na picha kwa miaka kadhaa kabla ya mauaji ya kimbari ya 1994, na mwishoni mwa 1991 lilichapa jalada lenye panga limechorwa kando ya picha ya rais wa zamani, Grégoire Kayibanda, pamoja na swali la silaha gani zitumike kuwashinda kabisa "Inyenzi", yaani mende, jina la kuwadhalilisha Watutsi. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha ilimtia hatiani Ngeze. Hukumu ile ilisomwa mjini kwetu, kwenye ardhi ya Tanzania, kwa hiyo mtu wa Afrika Mashariki hana ruhusa ya kusema kwamba mchoro ni mchoro tu.

Lakini tuiangalie Kangura kwa makini. Kosa lake halikuwa kumdhihaki mtawala. Ililenga watu wa kabila fulani, walio madarakani na wasio nayo, mkulima na mwalimu, mama na mtoto, ikawavua utu wote kwa pamoja. Hapo ndipo ninapouona mstari ninaoweza kuusimamia. Katuni inayomchora mgombea, hata kwa ukali wa kumuumiza, imo ndani ya haki yake. Katuni inayowachora watu waliompigia kura, kwa sura, kwa lugha yao, kwa mila zao za jandoni, imekwishatoka kwenye siasa. Kenya tunaijua aina hii ya pili. Kila uchaguzi huja na dhihaka juu ya nani katahiriwa na nani hajatahiriwa, nani mwizi kwa kuzaliwa na nani mvivu kwa kuzaliwa, na dhihaka hizo hupata michoro yake. Mara nyingi hazitoki kwa wachoraji wanaojulikana kwa majina. Ajabu ni kwamba vyombo vya dola, vinavyokasirishwa upesi na kalamu iliyomgusa rais, havina haraka hiyo na michoro hii.

Mstari huo haumalizi mambo yote. Chukueni mfano wa Gado, Godfrey Mwampembwa, Mtanzania aliyechora kwenye magazeti ya Nation ya Nairobi tangu 1992. Uhuru Kenyatta na William Ruto walipogombea mwaka 2013 huku wakiwa na mashtaka kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, Gado aliwachora wakiburuta tufe la chuma lililofungwa mnyororo mguuni. Siku baada ya siku, tufe lile lile: kwenye jukwaa la kampeni, kwenye zulia jekundu, kwenye sherehe. Msomaji alifika mahali hahitaji kuandikiwa jina.

Ni haki kumfunga mnyororo mtu ambaye hajahukumiwa? Mawakili wao wangesema si haki, na si hoja ya kupuuzwa: kesi ya Kenyatta iliondolewa Desemba 2014, na ya Ruto ikasitishwa Aprili 2016. Mchoro ulikuwa na mfungwa, mahakama haikuwa naye. Hata hivyo nimeutazama mchoro ule mara nyingi, na naona kwamba mnyororo hausemi "mwenye hatia". Unasema kwamba mtu huyu anakwenda Ikulu na mzigo, na mzigo huo tutauburuta pamoja naye. Hilo lilikuwa kweli. Lilikuwa jambo kubwa kuliko yote katika uchaguzi ule, kiasi kwamba kampeni ya Jubilee, muungano wao wenyewe, iliigeuza kesi kuwa wito wa mshikamano dhidi ya wageni. Mabango ya mgombea yaliufuta mzigo, katuni ikaurudisha. Mpiga kura alistahili kuziona picha zote mbili.

Kesi ngumu zaidi kwangu ni ile ya Januari 2015, miezi tisa kabla ya uchaguzi mkuu wa Tanzania. Gado alimchora Rais Jakaya Kikwete kifua wazi, amejilaza kama mfalme wa Kirumi, wanawake waliovaa nusu uchi wakimhudumia na kumlisha zabibu, kila mmoja akiwakilisha ovu la utawala, ufisadi ukiwa mmojawapo. Muda mfupi baadaye gazeti lililouchapa, The EastAfrican la kampuni hiyo hiyo ya Nation, lilizuiwa kuingia nchini. Sababu iliyotolewa ni kwamba halikuwa limesajiliwa, ingawa lilikuwa limeuzwa Tanzania kwa takriban miaka 20 bila mtu kulishtukia. Sina shida kusema kuwa zuio lile lilikuwa kosa. Rais anayekabiliwa na kashfa ya fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, iliyokwishaangusha mawaziri, hawezi kudai kwamba ufisadi usichorwe karibu na kiti chake.

Ila yapo maswali ambayo zuio liliyafunika, maana kila mtu aliyependa uhuru alilazimika kuutetea mchoro mzima. Kwa nini maovu ya serikali iliyojaa wanaume yavalishwe miili ya wanawake? Afrika Kusini walikuwa wamekwishakutana na jambo hili. Septemba 2008, miezi michache kabla Jacob Zuma hajachaguliwa kuwa rais, mchora katuni Zapiro alimchora akifungua mkanda huku washirika wake wakimkandamiza chini mwanamke anayewakilisha Haki. Zuma alishtaki, kisha akaiondoa kesi mwaka 2012. Wengi walimtetea Zapiro kwa kuwa hoja yake juu ya mahakama ilikuwa nzito. Lakini wako wanawake waliouliza kama ubakaji, katika nchi inayoumizwa nao kila siku, ni chombo cha kuazima kwa ajili ya hoja nyingine. Naona swali lao lina haki. Halimnyimi mchoraji kalamu, linamtaka afikiri zaidi kabla hajaishika. Na sasa ambapo wanawake wanagombea urais wenyewe, kama ilivyokuwa Tanzania mwaka 2025, swali limezidi uzito: akichorwa, atachorwa kwa maamuzi yake, au kwa kiuno na ushungi wake?

Pwani na bara la Tanzania kuna njia nyingine, ya fumbo. Mchora katuni Masoud Kipanya ameifanya kuwa desturi ya asubuhi kwa wasomaji wengi. Mara nyingi mkubwa hayumo kabisa kwenye mchoro. Yuko mwananchi mwenye suruali ya viraka, yuko kipanya anayeshuhudia, kuna shimo, ngazi au sahani tupu, na maneno ni machache au hayapo. Msomaji anamaliza kazi mwenyewe. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua. Watu huniambia kwamba hii ndiyo katuni yenye adabu, na kwamba wa Nairobi wangejifunza. Naipenda kwa dhati, lakini siwezi kuikubali kama badala. Fumbo humfaa anayeijua habari tayari. Aliyeko kijijini, ambaye hajasikia mjadala wa bungeni, huliona shimo tu. Na mtawala naye hupata mlango wa kutokea, kwa kuwa hakutajwa. Kuna wakati wa uchaguzi ambapo mtu anayeomba kura lazima aonyeshwe kwa sura yake.

Kuhusu sheria, mfano unaonisadikisha zaidi unatoka kule kule Rwanda. Sheria ya jinai ya 2018 iliweka kuwa kosa kuwadhalilisha viongozi kwa maneno, ishara au vibonzo. Kama kuna nchi yenye sababu ya kuogopa mchoro, ni hiyo. Na bado, Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Rwanda ilikifuta kifungu hicho, baada ya mwanasheria mmoja kupinga vifungu kadhaa vya sheria ile. Tanzania, Septemba 2021, mchora katuni Optatus Fwema alikamatwa kwa mchoro kuhusu Rais Samia Suluhu Hassan. Ukiziweka nchi hizi mbili kando kwa kando, hoja ya kwamba historia ya damu inalazimisha ukali wa sheria inapungua nguvu.

Wala sheria si kitanzi pekee. Gado mwenyewe hakufungwa na mahakama. Mkataba wake na Nation haukuhuishwa mwaka 2016, baada ya likizo ndefu, naye ameeleza waziwazi kuwa anaamini kulikuwa na shinikizo la kisiasa. Gazeti linaloishi kwa matangazo, na serikali ikiwa mtangazaji mkubwa, halihitaji kuonyeshwa pingu.

Matokeo yake tunayaona sasa kwenye simu. Baada ya maandamano ya Juni 2024 Kenya, kijana aliyejulikana kama Kibet Bull alianza kusambaza picha za kivuli za Rais Ruto: umbo jeusi lisilo na macho wala mdomo, na bado kila mtu akajua ni nani, kwa mkao wa kichwa na mabega tu. Desemba 2024 alitoweka pamoja na ndugu yake, wakaonekana tena Januari 2025. Katika majuma hayo hayo vijana wengine walitekwa baada ya kusambaza picha zilizotengenezwa kwa akili bandia zikimwonyesha rais ndani ya jeneza. Viongozi walisema picha hizo ni kumtakia mtu kifo na ni utovu wa malezi. Kuhusu jeneza, nakubaliana nao nusu: sioni hoja ndani yake, naona hasira tu, na kama ningekuwa mhariri nisingeichapa. Lakini kuna umbali mkubwa kati ya mhariri kusema "hii haipiti" na watu wasiojulikana kumwingiza kijana kwenye gari. La kwanza ni kazi, la pili ni uhalifu ambao hakuna mchoro unaoweza kuuhalalisha.

Vivuli vya Kibet na majeneza ya akili bandia huwekwa kapu moja, nami naona ni vitu viwili. Kivuli, kama katuni yoyote, kinajitangaza. Pua imekuzwa, rangi imeachwa, mkono wa mtu unaonekana, na hakuna anayedhani alichokiona kilitokea. Picha bandia inayofanana na ya kamera haijitangazi. Mgombea anaweza kuonyeshwa akipokea bahasha ambayo hakuipokea, usiku wa kuamkia kura, bila muda wa kukanusha. Tume za uchaguzi zikitaka jambo la kushughulikia, lishughulikiwe hilo, udanganyifu. Dhihaka iachwe. Tanzania ilizima intaneti Oktoba 29, 2025, siku ya kura, na hatua ya namna hiyo haichagui: inazima ya uongo na ya kweli, ya kubuni na iliyopigwa na kamera ya raia aliyesimama mlangoni pake.

Kijana anayechora peke yake usiku na kubonyeza kitufe hana mtu wa kumuuliza, "Hapa unamchora nani, mgombea au kabila lake? Na huyu mwanamke yuko hapa kwa nini?" Chumba cha habari kilikuwa na mtu huyo. Alikuwa akigombana na mchoraji saa kumi na moja jioni kabla gazeti halijaenda mtamboni, na katika ugomvi huo katuni nyingi mbovu zilifia mezani huku nyingi nzuri zikinolewa. Magazeti yalipowaachia wachoraji wakali ili kuwaridhisha wakubwa, yaliupoteza pia ugomvi ule. Kenya inapiga kura Agosti 2027. Wahariri wa Nairobi bado wana muda wa kuwaita vijana wa vivuli, kuwapa mkataba, meza na mwanasheria, na kuwachapa kwenye ukurasa wa maoni kwa majina yao.