Karai Halirindimi

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja ameisimulia habari hii tangu jana asubuhi, na kwa kuwa katika simulizi yake mimi nilitoka nje na taulo peke yake, nimeona niiandike mwenyewe kabla haijavuka Mlima Nyoka na kufika Makambako. Sikuwa na taulo. Nilikuwa na kaptula, sweta, na mswaki mdomoni.

Ninyi mnaonifuata hapa mnajua kwamba mimi ndiye katibu wa kundi la WhatsApp la wapangaji wa nyumba yetu, na mnaujua pia ugonjwa wangu: siwezi kuandika "maji yamekatika" maadamu ninaweza kuandika "huduma ya maji imesitishwa kwa muda". Basi usiku wa Jumamosi, baridi ya Julai ikiwa imetufungia ndani, ilianza kusikika sauti ya chuma kikigonga chuma. Ililia, ikanyamaza, na kila usingizi ulipokaribia ikalia tena. Nikashika simu. "Kelele" nililikataa, kwa sababu kelele hupigwa hata na watoto. "Mlio" nalo nililikataa, kwa sababu siku hizi mlio ni wa simu. "Kishindo" kilinipa picha ya mtu mwenye viatu vizito. Ndipo likanijia neno ambalo watangazaji wa redio hulitamka kwa sauti ya kifuani: mrindimo. Nililipenda mno hata nikaona hakuna haja ya kutaja chuma, kwa maana niliamini chuma kimo ndani ya neno lenyewe. Nikaandika:

"Ndugu wapangaji, salaam. Kuna mrindimo mzito unaojirudia tangu saa nne usiku, nao unatikisa madirisha. Kila mmoja achukue hatua stahiki."

Hatua stahiki niliyoikusudia ilikuwa kila mtu akague vyombo vyake. Nikatuma, nikaenda kupiga mswaki.

Nililolisahau ni kwamba wiki hiyo hiyo mwalimu mstaafu wa chumba cha pili alikuwa ametupa somo refu humo humo kundini: kwamba sisi tunaishi juu ya Bonde la Ufa, kwamba Mlima Rungwe tunaopanda viazi ubavuni mwake ni volkano, na kwamba tarehe 13 Desemba 1910 upande wa Rukwa lilipita tetemeko la ukubwa wa 7.4. Wapangaji walilisoma somo hilo vizuri kuliko nilivyodhani.

Nilipofungua mlango, uwanja ulikuwa umejaa watu. Naomba mnivumilie hapa, maana ndipo panaponiuma. Mama wa chumba cha tatu alikuwa na mtoto mgongoni na cherehani kichwani. Kijana wa bodaboda alikuwa ameikumbatia televisheni ndani ya blanketi kama mgonjwa anayepelekwa zahanati. Bibi wa chumba cha mwisho, ambaye mchana huomba asaidiwe kubeba hata ndoo nusu, alikuwa amesimama katikati ya uwanja na mtungi wa gesi, ameubeba mwenyewe. Nikatoa mswaki mdomoni nikasema, "Shikamooni." Hakuna aliyeitikia.

"Katibu," akasema baba mwenye nyumba, kwa upole ambao ulinitisha kuliko hasira, "huo mrindimo umeusikia wapi?"

Tochi zote za simu zikanigeukia. Povu la dawa ya meno lilikuwa likishuka kidevuni, nami nikaliacha lishuke, kwa kuwa kulifuta kungeonekana kama kukiri kosa. Kimya kikatanda. Hapo upepo ukashuka kutoka Mlima Loleza, ukapita juu ya mabati yetu, ukakunja kona ya nyumba, na sote kwa pamoja tukasikia: kwang'! Kisha kidogo kidogo: kang', kang', kang'.

Tochi zikaniacha zikafuata sauti. Zikapanda ukuta, zikafika kwenye msumari ulio karibu na bomba la bati linaloteremsha maji ya mvua, na hapo zikatulia juu ya karai lililoungua kitako, likibembea taratibu, likiwa limeandikwa kwa rangi nyekundu, kwa herufi kubwa, kwa mkono wangu mwenyewe ili lisiazimwe ovyo: CHUMBA NA. 6.

Mimi ndiye chumba namba sita.

"Mwe!" akasema bibi, akautua mtungi. "Karai?"

Mwalimu mstaafu akanisogelea, akiwa amejifunga shuka, akaweka mkono begani pangu. "Mwanangu," akasema, "ngoma hurindima. Radi hurindima. Karai halirindimi, karai linalia tu."

"Linasema kwang'!" akadakia mtoto aliyekuwa mgongoni, na watu wazima wote wakakubaliana naye, baadhi kwa kicheko ambacho hadi sasa nakisikia.

Yaliyofuata hayana haja ya maelezo mengi. Nililiteremsha karai, nikaomba radhi, nikairudisha televisheni ndani, nikaubeba mtungi wa bibi (ni mzito, sijui aliutoaje), na asubuhi nikanunua maandazi ya nyumba nzima. Kundi limebadilishwa jina, nadhani mnaweza kulibashiri. Jana mtu aliripoti humo "mrindimo wa maharage jikoni", na mwingine akauliza kama atoke na watoto.

Karai sasa liko uvunguni mwa kitanda changu. Usiku wa kuamkia leo nililigonga kwa mguu nikitafuta ndala, likabiringika hadi ukutani, na nikasikia milango miwili ikifunguliwa. Nikaandika kundini haraka: "Ni karai. Ni langu. Kwang'."

Bibi alijibu kwa kidole gumba.