PDF yenye lebo haimtoshi anayekuza maandishi

Wapo wanaotaka hati za kidijitali zitolewe kwa HTML (muundo wa kurasa za wavuti), EPUB (muundo wa vitabu vya kielektroniki) au Word ili wenye ulemavu wa kuona wazisome, na wapo wanaosema PDF ikiwekwa lebo vizuri inatosha. Hawa wa pili wana hoja. Lebo ni alama zilizofichwa ndani ya faili zinazoiambia programu ya kusoma skrini kwa sauti kuwa hiki ni kichwa, hili ni jedwali, hii ni picha yenye maelezo haya. Kiwango cha PDF/UA, yaani ISO 14289 kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2012, kinaeleza namna ya kuziweka. Asiyeona akifungua hati ya namna hiyo kwa NVDA au JAWS, ambazo ni programu za namna hiyo, hubonyeza H akaruka kichwa hadi kichwa. Tena ukurasa haubadiliki, saini ya kidijitali hufichua kama hati imeguswa, na anayetafuta ukurasa wa 14 huukuta.

Yote hayo yanamjibu anayesikiliza hati. Anayeisoma kwa macho, kwa kukuza herufi, bado hajajibiwa, ingawa wenye uoni hafifu ni wengi kuliko wasioona kabisa.

Chukua ukurasa wa A4 wenye mistari 40, unaojaza upana wa skrini. Ukiukuza hadi asilimia 400 unaona robo tu ya kila mstari. Kumaliza mstari mmoja unasogeza ukurasa kulia mara tatu, kisha unaurudisha kushoto: misogezo minne. Ukurasa mzima unadai misogezo 160. Hati ya kurasa 20, misogezo 3,200. Mkono kuchoka ndilo tatizo dogo. Wakati msomaji yuko mwisho wa mstari, mwanzo wa mstari unaofuata haupo machoni pake, hivyo akirudi kushoto hukisia. Mara anarudia mstari uleule, mara anaruka mmoja, na katika mkataba au maelekezo ya dawa huo uliorukwa ndio unaoweza kubeba neno "isipokuwa".

Asilimia 400 si kiasi cha kubuni. WCAG 2.1, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2018 kuhusu maudhui ya wavuti yanayofikika na wenye ulemavu, unataka maandishi yajipange upya katika upana wa pikseli 320 bila kusogezwa pembeni. Hiyo ni sawa na dirisha la pikseli 1280 lililokuzwa mara nne. HTML na EPUB ya kawaida hufanya hivyo zenyewe, na msomaji hubadili pia rangi na nafasi kati ya mistari. Acrobat, programu ya Adobe ya kufungulia PDF, ina hali ya kupanga maandishi upya, lakini faili lisilo na lebo sahihi huvurugika humo, na visomaji vingi vya PDF havina hali hiyo.

Wanaohofia saini wana haki, ila hakuna anayewaambia waifute PDF. Ibaki kuwa nakala rasmi, na kando yake iwekwe ya HTML au EPUB. Hata namba za kurasa hazipotei: EPUB 3 inaweza kubeba orodha ya kurasa za toleo lililochapwa.

Kazi yenyewe ya kuandaa hati huanzia kwenye Word, na hapo ndipo inapoharibikia. Kichwa kilichokolezwa wino tu bila mtindo wa kichwa (Heading) hakihesabiwi kuwa kichwa katika muundo wowote. Picha ipewe maelezo mbadala, safu mlalo ya juu ya jedwali itajwe kuwa ya vichwa, na lugha ya hati iwekwe, kwa sababu Kiswahili kikisomwa kwa sauti ya Kiingereza hakieleweki. Halafu hifadhi kama PDF, chaguo la lebo za muundo likiwa limewashwa. Ukipitia njia ya kuchapa ili kupata PDF, lebo kwa kawaida hupotea zote. Ukurasa ulioskaniwa ni picha tupu: programu iyatambue maandishi yake kwanza, kisha mtu ayasahihishe.

Kabla ya kutoa nakala ya HTML, ifungue katika dirisha la pikseli 1280, kuza hadi asilimia 400, soma aya tatu. Ukilazimika kusogeza pembeni, tafuta kisanduku kilichofungiwa upana maalumu. Majedwali ya takwimu na ramani yamesamehewa na mwongozo wenyewe, aya hazikusamehewa.