Msimvue mtoto bibu kwa sababu mikono imetetemeka

Nina hasira tangu juzi na haijapungua, na kwa kuwa hapa nyumbani wameshachoka kunisikiliza nimeona niiandike tu.

Nilienda kuangalia mechi ya netiboli. Mtoto wa dada yangu anacheza GD, yaani mlinzi, kwenye timu ya shule yao (kila mchezaji anavaa bibu, kile kivazi chenye herufi za nafasi yake) na walikuwa wamefika nusu fainali, kwahiyo sikuwa na sababu ya kukosa. Mechi nzuri, wanakimbizana goli kwa goli, watoto waliokuja kushangilia sauti zimeshakauka. Robo ya tatu inaelekea kuisha, wao wako nyuma kwa goli moja, mlinzi wa upande wa pili akamgonga GA wetu, mmoja wa wafungaji wawili, ndani ya duara la kufungia. Filimbi. Penalti.

Mliocheza mnajua kinachofuata. Aliyefanya kosa anasimama pembeni, haruhusiwi kuingilia chochote mpaka mpira umeondoka mkononi. Kelele zote zinakatika. Binti amebaki yeye na nguzo ya goli na zile sekunde tatu za kushika mpira. Nilikuwa nimekaa mbali kidogo lakini mikono yake niliiona, mpira wenyewe ulikuwa unatetemeka. Akarusha, ukagonga chuma ukatoka. GS, mfungaji mwenzake, akauwahi, akamrudishia, akarusha tena harakaharaka, safari hii hata pete haukuigusa. Robo ikaisha. Kocha akamwita, akamvua bibu kwa mkono wake mwenyewe mbele ya shule mbili nzima, akasema kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia, "Nilikwambia usiogope. Mwoga hafungi." Bibu akapewa mwingine, na yule binti akakaa benchi amejifunika sweta usoni mpaka mechi inaisha.

Walifungwa, tena kwa goli nne. Lakini kilichoniuma zaidi ni jioni, mtoto wa dada yangu anavua viatu ananiambia, "Mamdogo, amesema hachezi tena, jezi anamrudishia mwalimu Jumatatu." Binti wa miaka 14.

Jamani.

Hivi hilo neno "usiogope" limewahi kumsaidia nani? Nimecheza miaka minne shuleni, GA hiyohiyo, na sikumbuki hata siku moja nimeambiwa usiogope alafu woga ukatii. Sio kitu ambacho mtu anaamua. Vile vitezi viwili vilivyokaa juu ya figo vinamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, damu inapungua tumboni inakimbilia kwenye misuli ndo maana tumbo linavurugika, mdomo unakauka, vidole vinapoa na kutetemeka. Mwili umejiandaa kukimbia au kupigana. Haujui kwamba kazi ya leo ni kurusha mpira kwenye pete.

Na hapa ndo nawaomba makocha mnisikilize, maana naona hili halisemwi. Mtoto wa dada yangu anaogopa vilevile, usiku wa kuamkia mechi hapati usingizi, asubuhi tumbo linamuuma. Ila yeye ni GD. Filimbi ikilia anakimbia, anaruka, anagombania mpira, ile nguvu yote inapata pa kwenda na kwakweli inamsaidia, siku ya mechi anaruka juu kuliko siku ya mazoezi. Senta naye hivyohivyo. GA na GS ndio peke yao kati ya watu saba wanaoruhusiwa kufunga, na kufunga ni kusimama. Unasimama tuli na moyo unaopiga namna hiyo, unatafuta mguso mdogo wa vidole, pete iko mita 3.05 juu, upana wake sentimita 38 na mpira wenyewe unakaribia 22, na ubao wa kugongesha kama wa basketi hakuna. Woga ni uleule kwa wote saba, ila mmoja anaukimbiza uwanja mzima na mwingine anatakiwa asimame nao. Alafu huyu aliyepewa kazi ngumu ndo anaitwa mwoga, na wale wengine majasiri, kwasababu tu wao hakuna aliyewaona wakitetemeka.

Mimi nilikuwa natapika. Karibu kila mechi kubwa, nyuma ya madarasa, rafiki yangu aliyekuwa GS ananishikia chupa ya maji na hasemi kitu (hadi leo namshukuru kwa kutosema kitu). Niliamini kuna kitu kimeharibika ndani yangu, wenzangu wote wazima. Nimekuja kusoma ukubwani kuhusu Bill Russell, mchezaji wa basketi wa Boston Celtics, yule aliyechukua ubingwa wa NBA, ligi ya basketi ya Marekani, mara 11 ndani ya misimu 13, kumbe naye alikuwa anatapika kabla ya mechi, na wenzake walishamzoea. Nilipoisoma nilikaa chini nikalia, mtu mzima mimi. Laiti mtu angeniambia hivyo nikiwa na miaka 15.

Sasa mwaka wangu wa pili sekondari tulikuwa na mechi ya kuingia fainali na nikakosa nne mfululizo. Nne. Nikaanza kuangalia benchi, namwomba mwalimu kwa macho anitoe, nilitaka anitoe kwa moyo wangu wote. Mwalimu wetu wa michezo, mama mmoja asiye na maneno mengi, wala hakuinuka. Robo ilipoisha nikamfuata, "Mwalimu, naomba nipumzike." Akaniuliza, umeumia? Nikasema hapana. "Basi rudi. Wakikuletea mpira, rusha. Ukikosa, rusha tena." Akageuka akaanza kuongea na walinzi. Hakunikumbatia wala hakunipa hotuba. Nikarudi nikakosa wa tano. Wa sita ukaingia. Tulifungwa ile mechi na sikumbuki hata tofauti ilikuwa ngapi, ninachokumbuka ni kwamba ule mpira wa sita ulipita katikati ya pete na vidole vyangu vilikuwa bado vinatetemeka. Bado vinatetemeka! Nikajua siku ile kwamba naweza kufunga huku naogopa, na hilo hakuna ambaye angenifundisha kwa mdomo, ilibidi niwe uwanjani.

Ndo maana nina hasira. Watoto hawa kila siku wanaambiwa wawe wavumilivu, wasikate tamaa, alafu mtoto akikosa mara mbili mtu mzima anakata tamaa kwa niaba yake. Uvumilivu atauonea wapi? Benchi hakuna cha kuvumilia zaidi ya aibu. Alichojifunza yule binti juzi ni kwamba mikono ikitetemeka unatolewa, kwahiyo mechi ijayo, kama itakuwepo, ataogopa pete na ataogopa benchi pia, atakuwa anaangalia mikono yake badala ya kuangalia goli, na mtu akianza kufikiria mkono wake unavyokunja, kitu alichokifanya mara elfu mazoezini bila kufikiria, hapo ndo kinaharibika kabisa.

Na angalieni ule mpira wake wa pili. Aliuharakisha, nimeuona kwa macho yangu, alitaka tu liishe. Kuna mtafiti wa Norway anaitwa Geir Jordet amechambua penalti za mpira wa miguu kwa miaka mingi, na moja ya vitu alivyoona ni kwamba wapigaji wanaokimbilia kupiga mara tu filimbi ikilia wanakosa zaidi. Wanaume wazima wanaolipwa, kwenye mashindano makubwa kabisa, nao wanataka tu liishe. Sasa dawa yake ni kumfundisha mtoto kuvuta pumzi moja na kuitoa taratibu ndani ya zile sekunde tatu, zinatosha, nimezitumia miaka minne. Hiyo "mwoga hafungi" inamfundisha nini?

Kila ninapowaza haya namkumbuka Roberto Baggio, mshambuliaji wa Italia kwenye mpira wa miguu. Fainali ya Kombe la Dunia 1994, Italia na Brazil, penalti yake ikapaa juu ya mwamba na dunia nzima ikambebesha yeye. Watu wanasahau kwamba kabla yake Baresi na Massaro nao walishakosa, na kwamba magoli yake matano ndo yaliifikisha Italia pale. Lakini sehemu ninayoipenda mimi ni ya miaka minne baadaye. Ufaransa 1998, mechi ya kwanza ya Italia, wako nyuma 2-1 dhidi ya Chile, dakika zimebaki chache, penalti. Na anayeenda kupiga ni Baggio. Hebu fikirieni huo mwendo wa kutoka alipo mpaka kwenye mpira, na kichwani ana picha ile ambayo kila mtu duniani ameiona. Akafunga, 2-2. Robo fainali na Ufaransa zikaja tena penalti, yeye akapiga ya kwanza ya Italia, akafunga, na Italia wakatolewa vilevile. Ni kweli alikuwa na roho ngumu, lakini pia kuna watu waliokubali aushike mpira tena. Hiyo nusu ya pili ya hadithi ndo hatuisimulii watoto.

Haya, najua mtakachosema. Ilikuwa nusu fainali, kocha ana timu nzima ya kufikiria, wengine nao wamefanya mazoezi wanastahili kucheza. Sawa. Nakubali, na sipendi kukubali, kuna siku mtoto amezidiwa kweli na kumwacha pale ni kumtesa, na kocha ndo anamjua kuliko mimi niliyekaa pembeni. Mtoe basi. Ila mtoe kama unavyomtoa aliyechoka, mpigie makofi, mwambie kwa sauti ya chini robo ya nne dakika tano za mwisho unarudi, na kweli umrudishe. Kumvua bibu na kumwita jina ni kitu kingine kabisa na hakina uhusiano wowote na kushinda mechi.

Na wazazi wenzangu, kelele za "tulia! tulia!" hazitulizi mtu. Kuna utafiti wa Alison Wood Brooks wa Harvard uliotoka 2014, waliwapa watu kazi za kutia presha, kuimba mbele za watu, kuhutubia, hesabu, na waliojiambia wana hamu na msisimko walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie. Inaeleweka, moyo unaoenda mbio kwa woga na unaoenda mbio kwa hamu ni moyo uleule, ni rahisi kuubadilisha jina kuliko kuuzima. Wavulana wanalipata hili vibaya zaidi, wao hata kuficha sura kwenye sweta hawaruhusiwi, ila hilo nitaliandika siku nyingine.

Jana jioni mtoto wa dada yangu alichukua mpira akaenda nyumbani kwa yule binti. Nilimuuliza aliporudi mmeongea nini, akasema hawajaongea kitu, walirusha tu mpaka giza likaingia. Nikamuuliza na jezi je? Akasema ameiona imetundikwa mlangoni, imefuliwa, hajui imefuliwa ya kurudishwa au ya kuvaliwa.

Jumamosi kuna mechi ya kutafuta mshindi wa tatu. Kocha, najua kuna mzazi atakutumia hii, kwahiyo nakuomba kabisa, kwa heshima yote. Mpigie simu leo kabla hajafika shule kesho na hiyo jezi. Jumamosi mpe GA yake toka robo ya kwanza. Akikosa wa kwanza kaa chini, usiseme kitu, acha wamletee mpira mwingine.