Hao wenzake ni akina nani?

Juzi kijana wa jirani yangu, mwanafunzi wa chuo hapa Mwanza, alinijia na rasimu ya tasnifu yake kuhusu idadi ya watu na VVU Kanda ya Ziwa. Tukaketi barazani, sato wanakaangwa ndani, nikawa nasoma. Ukurasa wa tatu: "Grosskurth na wenzake (1995)". Wa tano, tena. Wa kumi na moja, tena.

"Hao wenzake ni akina nani?"

Akacheka. "Baba mdogo, ndivyo inavyoandikwa."

Kazi yenyewe si ya kubeza. Ni lile jaribio la Mwanza lililochapishwa katika The Lancet: jamii 12 za vijijini, sita zikaboreshewa tiba ya magonjwa ya zinaa vituoni, sita zikasubiri zamu. Baada ya miaka miwili, kule kulikoboreshwa maambukizi mapya ya VVU yalikuwa pungufu kwa takribani asilimia 40. Rakai, Uganda, walipotibu watu kwa mkupuo, matokeo ya 1999 hayakuonyesha upungufu wowote wa maana. Tangu hapo anayetaja Mwanza hutaja na Rakai, kama mapacha wasioelewana.

Ila waandishi wa makala ile wanazidi 10. Mtindo wa APA wa kunukuu vyanzo, tangu toleo la 2019, ukiona waandishi watatu tu unabakiza mmoja ndani ya mabano. Baadhi ya mitindo ya kitabibu ina huruma kidogo: kwenye orodha ya marejeo huweka sita, waliobaki nje. Kwa kipimo hicho, kati ya wenzake hao, Mosha, Mwijarubi na Senkoro wanaponea. Changalucha, wa nane, hapati nafasi.

Najua, Google Scholar, mtandao wa kutafutia makala za kitaaluma, humhesabia kila mwandishi nukuu zake. Sawa. Lakini semina haisikii hesabu, inasikia jina, na jina lililozoeleka masikioni ndilo huitwa kwenye mkutano unaofuata. Simlaumu Grosskurth hata kidogo. Mwandishi wa kwanza huwa ametoka jasho. Uvivu ni wetu sisi wa huku, tunaonakili mabano ya watu bila kufungua hata ukurasa wa kwanza. Na hakuna mtindo unaokataza kuwataja watu ndani ya sentensi, nje ya mabano.

Nikamwambia afungue makala kwenye simu, ayasome majina yote kwa sauti. Akaenda nayo haraka haraka mpaka la nane, akasita.

"Changalucha? Huyu si yule wa NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, hapa hapa?"

"Endelea kusoma," nikamwambia.