Hao Samaki Hawachezi, Wanatafuta Hewa

Juzi niliingia ofisi moja hapa Moshi mjini, siitaji, nikakuta tanki zuri la samaki pale mapokezi, goldifishi wote wamejazana juu kabisa, midomo nje ya maji, wanaifunguafungua. Nikamuuliza dada wa pale hawa wana nini, akanijibu kwa upole, "Wanacheza tu kaka, mchana huwa wanachangamka." Tanki liko dirishani, jua la saa nane linapiga kwenye kioo, kifuniko kimebanwa, taa inawaka. Jamani hao hawachezi, wanakosa pumzi!

Simlaumu yule dada, kalikuta hapo. Namlaumu aliyelifunga akapokea hela yake akaondoka bila kumuelekeza mtu.

Watu wanadhani shida ni joto peke yake. Maji yakipata joto yanashika oksijeni kidogo, ya nyuzi 20 yanashika kama miligramu 9 kwa lita, yakifika 30 inabaki 7 na nusu hivi, na hizo ni hesabu za usawa wa bahari, sisi huku juu inapungua zaidi. Sasa wakati hewa inapungua, mwili wa samaki kwenye joto unakwenda mbio na unataka hewa nyingi kuliko siku ya baridi, na mabaki ya chakula kule chini yanaoza haraka, bakteria nao wanaigombania hewa hiyohiyo. Na goldifishi ni samaki wa maji ya baridi, asili yake China, raha yake ni nyuzi 18 mpaka 22, halafu unamuweka Moshi mwezi wa pili kwenye nyumba ya mabati isiyo na dari.

Ndiyo maana barafu naikataa. Ukisema tu tanki limepata joto mtu keshafungua friza anamwaga mabonge humo ndani, maji yanapoa ghafla, samaki anashtuka, baada ya muda barafu imeyeyuka joto limerudi palepale, na hewa hujaongeza hata kidogo. Haya, siku ikiwa mbaya sana, chupa ya maji yaliyoganda, imefungwa vizuri, ielee humo kidogo kisha uitoe, hiyo nakubali. Lakini kinachofanya kazi kweli ni feni, hii hii ya kawaida ya mezani. Toa kifuniko, weka wavu wasiruke nje, elekeza feni ipulize juu ya maji. Maji yanayogeuka mvuke yanaondoka na joto, ni kazi ileile inayofanywa na mtungi wa udongo wa bibi, na kwa hewa yetu kavu ya Januari na Februari unaweza kushusha nyuzi 2 mpaka 4, taratibu, huku ule mtikisiko wa juu unaingiza oksijeni. Maji yatapungua kwa hiyo jazia kila siku, ila ya bomba yalaze kwanza usiku kucha kwenye ndoo wazi klorini itoke.

Tanki litoke dirishani, taa izimwe mchana, chakula kipungue. Kipimajoto nunueni, mkono haupimi.

Wa Arusha mtasema haiwahusu, sawa, mko mita 1,400 na usiku wenu unapoa, lakini ofisi iliyofungwa madirisha wikiendi nzima inapika samaki hata huko Njiro.

Umeme ukikatika chukua jagi, chota maji ya tanki uyamimine humohumo kutoka juu, pumzika kidogo, rudia. Inachosha ila samaki wanavuka.

Na ninyi mnaouza, mteja akiwaambia nyumbani kwake kunawaka moto mchana kutwa, msimpe goldifishi kwa sababu ana rangi nzuri, mpeni beta. Huyo ni wa nchi za joto, na ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu ya maji, akija juu kupiga pafu moja ndivyo alivyoumbwa.